Shajara ya mradi: kujua mtumiaji ameondoka kabla ripoti haijaisha

Naiweka shajara hii wazi ili mwenye mfumo unaofanana na huu aifuate, au aanzie pale nilipofika. Mfumo ni wa stoo. Mfanyabiashara wa jumla wa pembejeo yuko Mbeya mjini, na ana maghala Tukuyu, Rujewa, Vwawa na Tunduma. Mbolea inaingia na kutoka mchana kutwa, jioni wenye maghala wanavuta ripoti kwa simu. Mbele kuna nginx (inayopokea maombi kutoka nje na kuyapitisha ndani), nyuma yake Node.js na Express (programu yenyewe ya mfumo), chini PostgreSQL (hifadhidata). Kipo pia kipande cha zamani cha lugha ya PHP kinachotoa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) la mwezi. Vyote viko kwenye seva moja yenye kumbukumbu ya GB 4.

9 Januari 2024: tatizo lenyewe

Simu ilipigwa saa moja usiku kutoka Rujewa.

"Kaka, ripoti imeganda tena. Nimerifreshi mara tano, hakuna kitu."

Nikafungua `pg_stat_activity`, orodha ya kinachoendelea ndani ya PostgreSQL. Miunganisho yote 10 ya mfumo ilikuwa kazini, na sita kati yake ilikuwa inafanya swali lile lile, la ghala lile lile, yakiwa yamepishana kwa sekunde chache. Jioni yenye shughuli ripoti hii inachukua sekunde 40. Dada wa Rujewa alisubiri, akaona kimya, akarifreshi. Kivinjari kiliachana na ombi la kwanza na kutuma la pili. Seva haikujua lolote, ikaendelea na la kwanza huku inaanza la pili. Kwa hiyo mtu mmoja alishika nafasi sita kati ya kumi, na tano kati ya hizo alishaziacha. Tunduma nao wakaanza kusubiri, nao wakarifreshi.

Usiku huo huo niliongeza faharasa (index) kwenye safu ya tarehe, ripoti ikashuka hadi sekunde 11. Hilo lilipunguza maumivu tu. Ninachotaka ni hiki: mtumiaji akiondoka, kazi aliyoiacha ikome mpaka chini kwenye hifadhidata.

13 Januari: tukio la "close" lenye maana mbili

Nilianza na njia inayoonekana kwenye mifano mingi: `req.on('close')`, yaani kusikiliza tukio la ombi kufungwa, ndani yake nasitisha kazi. Kwenye kompyuta yangu kila ripoti ilikufa papo hapo, hata kabla swali halijafika kwenye hifadhidata. Nikaweka msimbo ule ule kwenye seva, ukafanya kazi vizuri.

Saa sita zilipotea hapa. Nilikagua kivinjari, nikakagua programu ya kuzuia virusi, nikaandika upya sehemu ya kuingia. Tofauti ilikuwa toleo la Node: seva ilikuwa na 14, kompyuta yangu 20. Kuanzia toleo la 16, `close` ya upande wa ombi hutokea ombi likishakamilika kusomwa. Haisubiri tena soketi (muunganisho wenyewe wa mtandao) ifungwe. Ripoti zangu zinaombwa kwa POST, yaani vichujio vinasafiri ndani ya mwili wa ombi, kwa sababu ni vingi, na `express.json()` huusoma mwili wote mwanzoni kabisa. Basi tukio linatokea wakati mtumiaji bado yupo, anasubiri.

Dawa ni kusikiliza upande wa jibu. Ila hata huko `close` hutokea jibu likimalizika salama, kwa hiyo lazima uulize kama jibu lilishaandikwa lote:

```
const kata = new AbortController();
res.on('close', () => {
  if (!res.writableFinished) kata.abort();
});
```

Mistari hii ikae juu kabisa, kabla ya `await` yoyote. Kwenye njia (route) moja niliiweka baada ya kukagua ruhusa za mtumiaji. Aliyeondoka wakati ukaguzi unaendelea hakuonekana kamwe, maana tukio lilishapita na halirudiwi.

Seva nimeipandisha hadi Node 20 siku hiyo hiyo. Msimbo mmoja kwenye matoleo mawili yenye maana mbili ni hatari nisiyotaka kuibeba.

17 Januari: nginx ilikuwa inaficha habari

Nikijaribu kwa `curl` (amri ya kutuma maombi bila kivinjari) moja kwa moja kwenye mlango 3000 na kukatiza, Node inajua papo hapo. Nikipitia nginx, haijui kitu. Na kwenye logi ya nginx hapakuwa na 499 hata moja. 499 ni namba ambayo nginx yenyewe huiandika mtumiaji anapofunga kabla ya kujibiwa. Mfumo wenye watu wa kurifreshi mara tano kukosa namba hiyo kabisa ni dalili.

Kwenye faili la usanidi, ambalo nilikuwa nimelinakili kutoka mradi wa zamani, kulikuwa na:

```
proxy_ignore_client_abort on;
```

Usipoiandika, thamani yake ni `off`, na nginx hufunga muunganisho wake na Node pindi mtumiaji anapoondoka. Nimeufuta mstari. Kuna pacha wake upande wa PHP, `fastcgi_ignore_client_abort`, naye ukague.

Jambo moja lilinichanganya karibu saa nzima. Nilikuwa natazama `ss -tn`, orodha ya miunganisho ya seva, kuona kama muunganisho wa simu umefungwa, nao ulibaki `ESTAB` (uko wazi) hata baada ya kurifreshi. Sababu ni HTTP/2, inayopitisha maombi mengi kwenye muunganisho mmoja, kila moja kwenye mkondo wake. Kivinjari kinapoachana na ombi moja hakifungi muunganisho wote, kinatuma fremu ya RST_STREAM ya mkondo ule tu, na mikondo mingine inaendelea kupita humo humo. Kwa hiyo usitafute jibu kwenye `ss`, litafute kwenye logi. Baada ya kufuta ule mstari, 499 zilianza kujaa.

20 Januari: kufunga mlango hakumzuii aliye ndani

Sasa Node inajua. Hatua iliyofuata ilionekana nyepesi: kuutupa muunganisho wa hifadhidata kwa `client.release(true)`, swali life nao.

Halikufa. PostgreSQL ikiwa katikati ya swali haiangalii kama aliyeuliza bado yupo. Inaendelea kukokotoa hadi ipate kitu cha kutuma, ndipo igundue hakuna wa kupokea. Huku akiba ya miunganisho (pool) upande wa Node ikiamini nafasi imeachwa, ikafungua muunganisho mpya. Kabla ya badiliko langu nilikuwa na kikomo cha michakato 10. Baada yake sikuwa na kikomo chochote. Ijumaa jioni ilifika 100, ambacho ndicho kiwango ambacho PostgreSQL huja nacho, na watu wakaanza kuona:

```
FATAL: sorry, too many clients already
```

Maghala manne yalikosa mfumo kwa dakika 35. Niliwapigia simu mmoja mmoja kuwaomba radhi, nikarudisha msimbo wa zamani, nikaanza kusoma upya.

27 Januari: kusitisha swali kwa adabu

Njia sahihi ni kuiomba hifadhidata yenyewe, kupitia muunganisho mwingine, isitishe mchakato fulani: `SELECT pg_cancel_backend($1)`. Namba ya mchakato inapatikana kwenye `client.processID`. Swali lililositishwa hurudi na kosa 57014, na hapo najua limekufa kweli.

Nilikosea mara mbili hapa, na makosa yote mawili yanaweza kumpata yeyote.

La kwanza: ombi la kusitisha nililipitisha kwenye akiba ile ile ya miunganisho 10. Akiba ikiwa imejaa, ombi la kusitisha linapanga foleni nyuma ya maswali yale yale linayotaka kuyasitisha. Nimelitengea akiba yake ya miunganisho 2, isiyotumiwa na kitu kingine.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halikuonekana kwenye majaribio. Mtumiaji anaondoka, natuma ombi la kusitisha mchakato 4127. Katika sekunde ile ile swali lake linamalizika lenyewe, muunganisho unarudishwa kwenye akiba, anapewa mtu mwingine. Ombi langu linafika na kumkata huyo mwingine. Mwenye ghala wa Vwawa alinitumia picha ya skrini: ripoti yake imekatwa na 57014, na hakugusa kitu. Nilipolinganisha muda kwenye logi, aliyeondoka alikuwa wa Tunduma.

Dawa ni kutorudisha muunganisho kwenye akiba mpaka ombi la kusitisha lililotumwa kwa ajili yake liwe limejibiwa:

```
try {
  return await client.query(sql, vigezo);
} finally {
  if (kusitisha) await kusitisha;
  client.release();
}
```

Hapo `kusitisha` ni ahadi ninayoiweka pale `kata` inapolia.

Nimeongeza pia ulinzi upande wa hifadhidata yenyewe, endapo Node itaanguka na kusiwe na wa kuomba. PostgreSQL kuanzia toleo la 14 ina `client_connection_check_interval`. Ikiachwa ni 0, maana yake imezimwa. Nimeiweka sekunde 5, na katikati ya swali mchakato unaangalia kama aliyeuliza bado ameshika waya. Tulikuwa kwenye toleo la 13, hivyo ilibidi tuhamie 16. Uhamisho ulichukua Jumapili moja, nao haukuwa na jipya.

6 Februari: nilikata kisichopaswa kukatwa

Hili naliandika kwa kirefu kwa sababu lilimuumiza mtu asiye na kosa.

Baada ya ripoti kutulia, nilikiweka kipande hiki cha kukatiza kwenye njia zote za mfumo, moja kwa moja. Njia zote zikiwemo za kuandika: kupokea mzigo, kutoa mzigo, stakabadhi.

Alhamisi iliyopita dada wa Tukuyu alitoa mifuko 40 ya UREA kwa lori lililokuwa linasubiri. Akabofya Hifadhi, mtandao ukayumba, kivinjari kikaachana na ombi, skrini ikabaki nyeupe. Akaandika hati kwa mkono, lori likaondoka. Yeye aliamini imeingia, na alikuwa na haki ya kuamini hivyo. Miaka miwili yote, mtandao ukikata baada ya kubofya, kazi ilikuwa inaendelea kwenye seva hadi mwisho. Mimi ndiye niliyeibadilisha tabia hiyo bila kumwambia mtu. Mfumo ulijua ameondoka, ukasitisha, hifadhidata ikarudisha kila kitu nyuma kama ilivyopaswa. Kwenye vitabu mifuko 40 ikabaki ghalani.

Jumamosi hesabu ilipokataa, yeye ndiye aliyeulizwa kwanza. Mzee wa ghala alihesabu mifuko mara mbili, siku mbili, kabla sijaangalia logi na kuona 499 yenye saa na dakika ya lile lori. Nilikwenda Tukuyu mwenyewe kueleza mbele ya wote. Nauli ni kitu kidogo. Jina la mtu kusafishwa mbele ya wenzake ni deni nililopaswa kulilipa kwa mdomo wangu.

Kukatika kwa muunganisho kunaniambia kwamba mtu hayupo kwenye waya. Hakuniambii kwamba ameghairi. Kwa ripoti tofauti hiyo haina uzito, ataomba nyingine. Kwa mzigo uliotoka ndiyo kila kitu.

Nilichobadilisha:

Njia za kusoma tu ndizo zinazokatizwa, na kila moja inaandikwa kwa jina lake kwenye orodha. Njia mpya haimo mpaka niiweke kwa mkono.

Njia za kuandika zinaendelea mpaka mwisho hata mtumiaji akiondoka. Na kivinjari sasa kinatengeneza namba ya ombi kwa `crypto.randomUUID()` fomu inapofunguliwa, kinaihifadhi kwenye simu na kuituma na fomu. Jedwali lina safu ya namba hiyo yenye UNIQUE (hairuhusu namba kurudiwa), na uandishi unatumia `ON CONFLICT DO NOTHING` (namba ikiwepo tayari, usiandike). Mtu akibofya tena baada ya mtandao kurudi, namba ni ile ile, mzigo hauandikwi mara mbili, naye anarudishiwa stakabadhi ya mwanzo. Akifungua programu huku ana namba isiyo na jibu, kabla ya lolote anaonyeshwa kama iliingia au haikuingia.

Jambo hili la namba lilipaswa kuwepo toka siku ya kwanza ya mfumo.

17 Februari: anayeondoka bila kuaga

Mpaka hapa nilikuwa nashughulika na wanaoaga. Mtu akifunga ukurasa au programu ikiuawa, kerneli ya simu (kiini cha mfumo endeshi) inatuma pakiti ya FIN au RST, za kufunga muunganisho, na upande wa pili unajua. Umeme ukikatika kwenye rauta hakuna anayeaga. Kwa seva, mtumiaji aliyetoweka na mtumiaji aliyenyamaza tu wanafanana kabisa.

Kwa ripoti ya sekunde 11 hasara ni ndogo. Tatizo ni ubao wa stoo, ukurasa unaobaki wazi siku nzima na kupokea mabadiliko kupitia EventSource, muunganisho ambao kivinjari huuacha wazi ili seva itume habari muda wowote. Asubuhi moja nilikuta mikondo 31 iko wazi kwa maghala manne, na kila mmoja unaiuliza hifadhidata kila sekunde 5. EventSource ikipoteza mtandao hujiunga upya yenyewe, vizuri kabisa, ila ule mkondo wa zamani hakuna aliyeufunga. Usiku mbolea haitoki, hakuna kinachotumwa, kwa hiyo hakuna kinachoshindikana kutumwa. Nami mwaka jana nilikuwa nimepandisha `proxy_read_timeout` (muda ambao nginx huvumilia ukimya wa Node) ya njia hiyo hadi saa 24, kwa sababu sekunde 60 za kawaida zilikuwa zinaukata ubao kila dakika. Mikondo mfu ikapata ruhusa ya kulala humo siku nzima.

Jaribio: kompyuta kwenye rauta ya nyumbani, ubao wazi, halafu nachomoa waya wa umeme wa rauta. Nahesabu muda mpaka Node iseme mkondo umefungwa.

Kwanza nilitegemea keepalive ya TCP, yaani vidokezo vya kerneli vya kuuliza kama upande wa pili bado upo. Linux ikiachwa ilivyo husubiri sekunde 7,200 za kimya, kisha hutuma vidokezo 9 vilivyopishana kwa sekunde 75. Jumla ni saa 2, dakika 11 na sekunde 15, tena kwa soketi ambayo programu yake imeomba tu. Kwenye nginx nikaandika `so_keepalive=30s:10s:3` kwenye mstari wa `listen`. Kwa hesabu ni sekunde 60. Nikapima: sekunde 60.

Kwa kuwa nilitaka usalama zaidi, nikaongeza pigo la moyo: kila sekunde 20 Node inatuma mstari wa maoni, `: pigo`, ambao EventSource inaupuuza. Nikapima tena nikitegemea muda upungue. Ukawa zaidi ya dakika 15.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea kuhesabu. Sababu ni kwamba vitu hivi viwili havisaidiani. Keepalive hufanya kazi muunganisho ukiwa kimya. Pigo likishatumwa na halijathibitishwa, muunganisho hauko kimya tena, una data inayodaiwa, na kerneli inaacha vidokezo na kuanza kuituma data ile upya, kila mara ikisubiri muda mrefu zaidi. Ukomo wa hilo ni `net.ipv4.tcp_retries2`, ambayo ikiachwa ni 15, sawa na sekunde kama 924. `send_timeout` ya nginx (ukomo wake wa kusubiri kuandika) nayo haikusaidia. Mistari yangu ni mifupi, inaingia kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya kerneli bila shida, na kwa nginx hilo ni kuandika kulikofanikiwa.

Pigo silitoi, maana linasaidia pia kurudisha `proxy_read_timeout` kwenye kiwango cha busara (sasa ni sekunde 60 tena). Kwa hiyo nimeshusha `tcp_retries2` hadi 8, kiwango ambacho maelezo ya kerneli yenyewe yanakitaja kuwa cha chini kinachotimiza sekunde 100 za RFC 1122, waraka wa kanuni za intaneti. Nilipima mara tano kuanzia pigo la kwanza baada ya kuchomoa waya: haraka kabisa sekunde 104, polepole kabisa 171. Inanitosha. Kumbuka mpangilio huu unagusa seva nzima, si nginx peke yake.

2 Machi: kipande cha PHP, na hali ilivyo

CSV ya mwezi ilikuwa na `connection_aborted()` (inayouliza kama mtu ameondoka) ndani ya kitanzi, nayo ilijibu 0, yaani bado yupo, siku zote. PHP haigundui kuondoka kwa mtu mpaka ijaribu kumtumia kitu, na kile kitanzi kilikusanya kila kitu kwanza, kikatuma mwishoni. Sasa kinatuma kila mistari 500, kwa `ob_flush()` kisha `flush()`, na `fastcgi_buffering off` kwenye njia hiyo. Nimeweka `ignore_user_abort(true)` ili script isifie katikati na kuacha faili la muda kwenye diski: inaangalia, inafuta faili, inatoka yenyewe.

Gharama mpaka leo: saa 58 za kazi, ambazo nimemtoza mwenye biashara 40, kwa kuwa zilizobaki zilikwenda kwenye makosa yangu. Seva ndogo ya majaribio kwa miezi miwili. Bando za kupimia kwenye simu, shilingi 14,000. Nauli ya Tukuyu.

Kilichobaki ni kipimo cha mahitaji ya kumbukumbu ubao ukiwa na maghala zaidi ya manne, maana la tano linafunguliwa baada ya mavuno.

Jana jioni Rujewa walirifreshi mara tatu. Kwenye logi ya nginx kuna 499 tatu, kwenye logi ya PostgreSQL kuna 57014 tatu, na ya mwisho ilitoka chini ya nusu sekunde baada ya 499 yake. Tunduma walipata ripoti yao wakati huo huo.